Mafuta Hayakugeuka Meupe

Mbaha,
14 Agosti 1994

Kaka Wendelin,

Shikamoo. Huku tunaendelea. Usipa wamepatikana wengi ziwani wiki hii, na mihogo yako nguruwe pori hawajaigusa.

Msibani uliniuliza mama alikufaje na mimi nipo hapo hapo nyumbani. Sikukujibu mbele za watu. Nakujibu sasa.

Jino lilimvimbisha shavu hadi jicho likafumba. Nilikuandikia uje umpeleke hospitali, ukatuma chupa ya mafuta ya alizeti kutoka Mbinga. Mama alifurahi, akasema mwanangu hajanisahau. Kila asubuhi alisukutua mdomo kwa kijiko kimoja ili jino litulie, kama bibi alivyomfundisha, mpaka mafuta yageuke meupe ndipo ateme. Nyumba yetu unaijua: mwenye mafuta mdomoni hasemeshwi.

Siku ile nilimwamkia, akainua kidole. Nikaenda ziwani kuanika usipa. Niliporudi alikuwa ameegemea ukuta, midomo ameifumba. Nilimpita mara mbili kwa kunyata, nikawakemea watoto wasimpigie kelele. Jua lilipomfikia usoni na asisogee, ndipo nikamgusa. Alikuwa ameshapoa.

Tulipomlaza, mafuta yalimtoka mdomoni. Yalikuwa bado ya njano, kaka. Hakuwahi hata kuyasukutua. Muda wote ule nilikuwa nawanyamazisha watoto kwa ajili ya maiti.

Aliyekuletea barua hii atakukabidhi na chupa yako. Imebaki nusu. Sisi mafuta haya hatuwezi kuyapikia.

Ni mimi mdogo wako,
Asteria