Kabla Hujafunga Begi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuamkia kwa jina la Bwana nikiwa nimesimama, karatasi juu ya kabati la vyombo, mtoto mgongoni, maana nikikaa tu anajua na kelele zinaanza. Mwandiko ukipanda na kushuka usidhani naumwa. Sisi wazima. Baba mtoto yuko kazini, anakusalimu sana. Goti lako je? Ile dawa ya kuchua umeitumia, au umeiweka dirishani unaitazama kama ile nyingine?

Mdogo wangu ameniambia umeshashona gauni la Jumapili ya mjukuu wako kubarikiwa, na kwamba begi umelishusha ukalipangusa vumbi. Nilifurahi, kisha nikatafuta kalamu. Kuna jambo kuhusu Jumapili hiyo, na nataka ulisikie kwangu kabla hujalifunga begi. Ukishalisikia, kuja au kutokuja utaamua wewe. Ningekupigia simu, lakini simu unakata ukikasirika. Barua hata ukiitupa utaiokota.

Nilishakueleza kwamba kanisa letu ni ukumbi wa viti vya plastiki. Wageni walikuwa wanaingia kwa mlango wa mbele na kupotelea wa nyuma. Siku ya kwanza tunawasimamisha, tunawapigia makofi, tunawapa soda. Baada ya wiki chache hakuna anayekumbuka sura zao. Mama Karibu, ndivyo tunavyomwita yule mama wa mlangoni anayekumbatia watu mpaka miwani yao inapinda, alisema kwenye kikao kwamba tunawashangilia kama walioshinda mbio, halafu tunazima taa za uwanja wakiwa bado ndani. Tangu hapo kila mgeni anakabidhiwa mlezi anayekaa karibu naye, na anapewa kazi ya mikono mapema, hata kabla hajapokelewa kuwa mshirika. Sharti ni moja: mlezi hachimbi ya nyuma. Anamuuliza mgeni kama amekula, kama amelala, kama Jumapili ampitie. Mengine mgeni atayasema mwenyewe akitaka. Siku ya kupokelewa, mlezi anasimama naye mbele za watu, amemshika mkono.

Nilisema mimi nina mtoto mchanga, siwezi. Mama Karibu akanijibu kwamba ndiyo sababu ananipa mimi, mtu aliyechoka hana nguvu za kujifanya.

Mgeni niliyepewa ni mama wa umri wako, au chini kidogo. Anapiga pasi kwenye duka la dobi mtaa wa pili, na watoto wa Sunday school walishampa jina, Mama Pasi. Alikuwa anakaa kiti cha mwisho kabisa, begi mapajani, kama anayesubiri gari. Tukampa kazi ya kuosha vile vikombe vidogo vya glasi vya Meza ya Bwana pamoja nami, jikoni nyuma ya ukumbi. Alishtuka, akasema yeye bado si mshirika, atavishikaje. Mama Karibu akamwambia vikombe havijui.

Nakuambia ukweli, Mama, yule mama aliota mizizi mbele ya macho yangu, na si kwa sababu ya mafundisho yangu, maana nusu ya mafundisho nilikuwa nasinzia. Ilikuwa pale kwenye karo. Alianza kufika mapema kuchemsha maji. Akaanza kuwagombeza wanaoacha vikombe chini ya viti. Siku moja alichelewa, na wazee wawili waliulizana yuko wapi. Nilipomwambia, alisuuza kikombe kilekile mpaka nikamnyang'anya. Akaanza kuomba kwa sauti, maneno machache, kama mtu anayejaribu maji kwa kidole. Nami nilimpenda. Naliandika hilo sasa ili baadaye usidhani nilikuwa najua.

Jumapili moja mtoto alilia jikoni, kile kilio chake cha kukunja miguu. Nilikuwa na mikono ya sabuni. Mama Pasi akamchukua, akamlaza kifudifudi juu ya mkono wake, akaanza kutembea kinyumenyume kuzunguka meza. Huku akimwambia polepole, "Turudi nyuma, turudi nyuma, mpaka tufike pale ulipokuwa umenyamaza."

Unajua ni nani aliyekuwa akifanya hivyo. Ulinisimulia baba alivyonizungusha mimi, na nilimwona kwa macho yangu akimzungusha mdogo wangu, akagonga ndoo, ukamcheka mpaka ukakaa chini. Sijamwona mtu mwingine akituliza mtoto kwa kutembea kinyumenyume. Nilimuuliza nani kamfundisha. Akasema marehemu mume wake, alikuwa fundi saa, watu walimwita Fundi Dakika kwa sababu kila mteja aliambiwa asubiri dakika moja. Mtoto alikuwa ameshalala.

Ndiyo, Mama. Mgeni wangu ni yule. Nyumbani kwetu hakuwahi kuwa na jina lingine, alikuwa yule tu, na baba alikuwa ameenda kwa yule.

Nilimwambia palepale mimi ni binti wa nani. Hakujitetea. Alinirudishia mtoto taratibu asiamke, akavua aproni, akaikunja kama nguo ya mteja, akatoka. Jumapili iliyofuata hakuja, na iliyofuata pia. Niliosha vikombe peke yangu nikijiambia afadhali. Usingizi ukanikimbia, na wewe unajua usingizi wenyewe ninao kiasi gani. Nikimnyonyesha mtoto namwona akitoka na ile aproni. Nikienda kuanua nguo nakuona wewe, umeinamia cherehani na macho mekundu, unatuambia ni uzi umekuingia. Nilizunguka hiki chumba mpaka baba mtoto akaniuliza kama natafuta kitu.

Mwishowe nilikwenda kwenye duka la dobi. Alikuwa nyuma ya mvuke na mlima wa mashuka. Hakuacha kupiga pasi. Aliniambia, "Mwanangu, kanisa ni lenu. Mimi nimezoea kukaa karibu na mlango."

Nikamwambia, "Kanisa si la mama yangu wala la kwangu. Na vikombe vinakusubiri, mikono yangu ni miwili tu."

Alirudi. Anapokelewa Jumapili ileile mtoto anapobarikiwa, ilishapangwa hivyo kabla. Ameomba mara mbili asubiri zamu nyingine ili wewe usimwone. Mchungaji naye aliniambia anaweza kumpa mlezi mwingine, hakuna atakayenilaumu. Nimewakatalia wote wawili. Nimeshaona wageni wanaoambiwa wasubiri kidogo, Mama. Hawarudi. Kwa hiyo siku hiyo nitamshika mkono mbele za watu, na wewe ukiwepo utaniona.

Usidhani nimemsamehe kama watu wanavyosema kwenye ushuhuda. Siku nyingine namtazama akisuuza natamani glasi imkate. Halafu ananigeukia kuniuliza kama nimekunywa chai, na sijanywa. Naomba Mungu, nakasirika, naomba tena. Nimefika hapo tu. Wewe sikuombi umkumbatie wala umsalimu. Na sitakuficha wala sitamficha yeye, kwa sababu nyumba yetu ilishafichwa mambo ya kutosha.

Kitanda chako nimeshakitandika. Kiti chako ni cha mbele, upande wa dirisha, na Mama Karibu ameapa kukilinda kwa mwili wake wote, nao si mdogo. Utakayembeba mtoto kumpeleka mbele ni wewe, si mwingine yeyote. Nguo zake ni zile ulizomshonea. Mikono imeanza kumbana, kwa hiyo usikawie kuja.

Atalia, namjua. Na katika ukumbi mzima mtakuwa wawili mnaojua kutembea kinyumenyume. Ningependa uwe wewe.

Msalimie mdogo wangu, mwambie akupandishe gari la asubuhi, na akubebee begi hata ukikataa. Wasalimie majirani, na yule wa dawa mwambie nimesema uitumie. Bwana akulinde, na goti lako pia.

Mimi mwanao nikupendaye,
kifungua mimba wako.