Nani Anasoma Bon Zetu

Jumanne, tarehe 2 mwezi wa tano 2023. Pinga

Papa Symphorien amerudi saa nne ya asubuhi na pikipiki tupu. Alikuwa anapelekea dispansere ya Omate dawa zao. Serumu, amoksisilini, glavu — yote wenye silaha wamebeba ku bariere yao ya njiani. Wamemuachia pamba tu. Hakupigwa. Alikaa ku mulango wa depo yangu ya dawa, akanywa vikombe viwili vya maji.

Kisha akasema kitu ambacho bado kinanizunguka mu kichwa. Siku zote wale wenye silaha wanauliza: unabeba nini? Safari hii hawakuuliza. Mukubwa wao alisema tu, "Shusha serumu. Iko arobaini na nane." Hakufungua katoni. Hakuhesabu.

Ilikuwa arobaini na nane kweli. Niliandika ile bon, hati ya muzigo, Jumamosi, mimi na Mukashema, musichana wangu wa kazi, mu programu ya kontabilite, ya hesabu.

Wenye kujua ile namba tuko watatu. Mimi. Symphorien. Mukashema.

Jumatano, tarehe 3

Leo nimemuangalia Mukashema siku muzima. Anaandika bon, anapanga vidonge ku etajere, anacheka na wateja. Kama kawaida. Muntu anayeficha kitu anakuwaka aje? Sijue.

Naandika hapa ili nikumbuke vizuri: njo yeye alituingiza mu ile programu. Cahier zetu zote za hesabu zilibaki nyuma siku tulikimbia mwaka jana, na majina ya dispansere zote ndani. Akasema, "Mama Kaswera, tuweke kila kitu ku internet. Vita haiwezi kuchoma internet." Alisomea mambo ya kompyuta Goma. Wazazi wake ni walimaji wa milima ya Masisi, nao pia walikimbia. Nikakubali. Na kweli ilitusaidia.

Saa kumi Mama Françoise, jirani yangu anayeuzisha vitenge, alipita kusalimia. Nikamuambia yote. Akashusha sauti, akauliza kama ninajua kaka za Mukashema wako wapi leo, upande gani wa vita.

Nikasema sijue.

"Njo vile," akasema. "Hujue."

Nilipaswa kumujibu.

Jumapili, tarehe 7

Kutoka misa nilipita depo kuchukua mwavuli. Mukashema alikuwa inje, ku telefone, anaongea luga ya kwao. Aliponiona akakata. Nikauliza ni nani.

"Mama yangu. Iko mu kambi."

Nikauliza kambi gani.

"Pembeni ya Mubambiro."

Mubambiro ni kwa waaskari. Wakimbizi pia wamejaa kule pembeni, najua, kila muntu anajua. Lakini lile jina liliniingia, halikutoka tena.

Nimebadilisha modepasi ya programu, lile neno la siri la kuingilia. Nimemuambia apumuzike wiki moja.

"Umenifukuza, Mama?"

"Hapana. Upumuzike."

Akavua ile bluzi nyeupe ya kazi, akaikunja vizuri, mikono juu ya mikono, akaiweka ku kontuari, meza ya kuuzia. Akaenda bila kuaga.

Jumatano, tarehe 10

Bon ya jana niliandika mimi peke yangu. Modepasi mupya. Mukashema hajakanyaga hapa. Na Symphorien alipita njia ya mutoni, ile hatujapita hata mara moja mwaka huu.

Walikuwa wanamungojea mutoni.

Wakamuambia, "Leo Mama Kaswera ametuma dawa ya malaria tu? Serumu ameacha wapi?" Wakamupiga makofi. Shavu la kushoto limevimba mpaka jicho linajifunga.

"Mama, niko na watoto sita," aliniambia. Kisha akaniangalia muda murefu, bila hasira. Nikaelewa. Na yeye ananishuku. Iko na haki: safari hii wenye kujua tulikuwa wawili.

Basi si Mukashema. Ao ni yeye, kwa njia ambayo sijue. Ona — naandika "si yeye" na mustari hauishi, nimeanza tena.

Françoise hakunyamaza. Soko nzima wanasema ule musichana anauzisha njia za watu. Mwenye nyumba yake amemupa mpaka Jumapili atoke. Lile neno lilitoka mu kinywa changu, njo lilipita kwa Françoise.

Alhamisi, tarehe 11

Nilienda kwake. Vitu vyake vilikuwa tayari, gunia mbili. Hakunikaribisha ndani. Nikamueleza habari ya mutoni, nikasema nimekosa. Nilisema vibaya, nikachanganya na mambo ya modepasi na mwenye nyumba.

Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ungeniuliza," akasema. "Kabla ya kunifukuza. Hata mara moja."

Nikafikiri atafunga mulango. Hakufunga. Alisema modepasi ni mulango wa mbele tu. Ile programu iko na mulango wa pembeni pia. Kesho atakuja kunionyesha. "Si juu yako, Mama. Ni juu ya jina langu."

Nimeenda kwa mwenye nyumba, nimemuambia nilidanganyika. Amesema atafikiri.

Ijumaa, tarehe 12

Mukashema alikuja saa mbili. Hakugusa bluzi.

Alifungua ukurasa ambao sijawahi kuuona. Akanieleza polepole. Ule mulango wa pembeni, wanauita API. Si muntu njo anapita pale — ni programu ingine. Inabisha, inaonyesha ufunguo wake, inasoma vitabu vyetu, inatoka. Ufunguo wenyewe ni mustari mumoja wa herufi na namba. Mwenye kuwa nao hana haja ya modepasi. Na waliotengeneza programu waliacha ule mulango wazi kwa kusudi, wakaandika maelezo yake hazarani, ili kila muntu mwenye ujuzi kidogo aunganishe kitu chake.

Nikasema huo ni wazimu.

"Hapana, Mama. Ni kitu kizuri. Inategemea ufunguo umempa nani."

Tumempa muntu mumoja. Jina limeandikwa pale: LEVI STOCK.

Mudogo wangu Lévi. Iko Goma, njo anatununulia dawa. Mwezi wa pili aliniomba ule ufunguo. Alikuwa ametengeneza kaprogramu kake, kanasoma stock yetu, dawa zilizobaki mu depo, na kumuambia nini inakaribia kuisha. Na ilifanya kazi — tangu pale hatujakosa serumu hata siku moja. Nilijisifu mbele ya mapadiri wa parokia yetu. Nakumbuka siku yenyewe. Skrini iliuliza: asome stock tu, ao yote? Rezo ya internet ilikuwa inakatika, wateja wamejaa. Nilifinya "yote".

Mukashema akashusha ukurasa. Kila asubuhi saa kumi na moja, ule ufunguo unasoma stock. Sawa. Lakini tangu tarehe 24 ya mwezi wa ine unasoma bon pia. Jina la dispansere, siku, dereva, njia. Kila mara nilipomaliza kuandika bon, dakika tano hazikupita, ilikuwa imekwisha kusomwa.

Nilikaa chini.

"Pengine Lévi hajue," Mukashema akasema. "Ufunguo unakopiwa. Mwizi wake pia, hapa ataitwa Lévi."

Anamutetea Lévi. Mimi yeye sikumutetea.

Nilitaka kukata ufunguo palepale. Akaniomba tungoje. Tukiukata sasa, hatutajua kama njo kweli mambo yanapita pale, na watu wa soko wataendelea kumuangalia yeye.

Jumatatu, tarehe 15

Mwenye nyumba amekubali Mukashema abaki. Tumeandika bon ya uongo. Serumu sitini, Jumatano, njia ya mulima, dereva Symphorien. Katoni hakuna. Safari hakuna. Symphorien atabaki nyumbani kutengeneza frein, breki za pikipiki. Tunajua sisi watatu tu. Lévi sijamupigia.

Imesomwa kisha dakika tatu. Niliona kwa macho yangu.

Alhamisi, tarehe 18

Jana walifunga njia ya mulima tangu asubuhi. Walisimamisha kila pikipiki, wanatafuta serumu sitini. Nzabonimpa, yule anayebeba mafuta ya mawese, alisema hajue dawa yoyote. Hawakumuamini. Wamemuvunja mukono.

Sikumufikiria Nzabonimpa wakati niliandika. Sikufikiria muntu yeyote atakayepita ile njia. Nilitaka tu kujua.

Nimemupelekea bande ya kufunga mukono na dawa ya maumivu. Muke wake akanishukuru, akaniombea baraka. Nilitoka haraka.

Leo ni sikukuu ya Kupaa kwa Bwana. Kanisani Mukashema alikaa benchi ya nyuma, peke yake, watu wamemuachia nafasi pande zote mbili. Nilihama, nikaenda kukaa pembeni yake. Françoise aligeuka kutuangalia. Mukashema alinisogezea kitabu cha nyimbo.

Jumamosi, tarehe 20

Lévi amepiga. Mimi ananiita Yaya, dada mukubwa. Aliuliza afya, watoto wangu kule Butembo, mvua. Kisha, na sauti ya kawaida kabisa:

"Yaya, ule muzigo wa Jumatano njo ulifika?"

Mukashema alikuwa mbele yangu. Tukaangaliana.

"Muzigo gani?"

"Ah. Nilizani ulituma." Telefone ikakatika. Rezo, pengine. Lakini rezo ilikuwa nzuri.

Mukashema anasema tusiharakishe. Bon ikiandikwa, stock inashuka yenyewe. Lévi aliona serumu sitini zimetoka, akauliza. Inawezekana.

Lakini siku haiandikwi mu stock. Stock inasema ngapi tu. Aliyesema "ya Jumatano" ni nani?

Jumanne, tarehe 23

Omate wametuma ujumbe asubuhi. Kuhara kumewaingia, watu kumi na tisa wamelala chini, serumu imeisha. Nimemuita Symphorien, nikamuambia hali, nikamuambia pia anaweza kukataa. Akauliza kama kuna watoto. Nikasema wako. Amekubali kesho. Tumepanga nisiandike bon yoyote mpaka afike.

Saa nane, Lévi akaingia.

Hakuwa amesema anakuja. Ametoka Goma juu ya pikipiki ya kukodi, siku mbili. Amekonda, shingo inacheza mu kola ya shati. Nikamukumbatia — ni mudogo wangu. Nikamuuliza amekuta bariere ngapi.

"Saba."

"Walikutendea aje?"

"Hakuna aliyenisimamisha."

Alisema, kisha akasikia amesema nini. Nikaona vile anasikia.

Nimempa viazi na sombe. Hajala. Nilimuambia Mukashema atuache kidogo, akaenda upande wa kontuari. Kompyuta iko wazi pale, ukurasa wa ufunguo uko wazi. Lévi akauona. Akaniinamia.

"Yaya, usikate. Ngoja mpaka Jumamosi tu."

"Kwa nini Jumamosi?"

"Ukikata leo, watajua nilikuambia."

"Hujaniambia kitu, Lévi. Niambie."

Akasema wale wenye silaha walimukuta ku agensi ya usafiri, mwezi wa ine. Mbele walitaka tu kujua barabara. Kisha wakamuonyesha picha mu telefone: mulango wa nyumba yake, watoto wake wanatoka shule. Akawapa ule mustari wa herufi. Anasema alizani watachukua dawa tu, dawa inanunuliwa tena. Anasema Jumamosi anavusha muke wake na watoto ngambo ya mupaka, kisha nikate, nifanye vile ninataka.

Nikamuambia Symphorien alipigwa. "Najua." Nikamuambia kuna muntu amevunjwa mukono. "Najua, Yaya. Nzabonimpa."

Mimi sikutaja jina.

Nimemulea huyu tangu mama yetu alikufa, alikuwa na miaka saba. Zamani nilijua akisema uongo, alikuwa anafungua macho sana. Leo anaangalia sahani. Pengine yote ni kweli, picha na watoto na Jumamosi. Pengine wamemutuma ajue kwa nini bon ya Jumatano ilikuwa ya uongo. Pengine ni yote mawili, na yeye mwenyewe hajue tena iko upande gani.

Ninaandika mezani, mbele yake. Anafikiri ninapanga dawa za Omate. Mukashema amesimama nyuma ya kontuari, mukono ku kompyuta, ananiangalia. Anangoja nitikise kichwa, hivi ao hivi. Leo amevaa bluzi.

Nafikiri watoto wa Lévi. Nafikiri wale kumi na tisa. Nikikata, na nisipokata —

Kijiko. Hatimaye Lévi ameanza kula.

Pikipiki imeingia mu parsele, mu uwanja wa depo. Symphorien amekuja kufunga katoni mapema, ili kesho asichelewe. Hajue nani iko ndani. Ninasikia anavuta kamba, anapiga mbinja. Sasa anaita, kwa sauti kubwa, kupitia dirisha:

"Mama Kaswera! Tumesema tunapita njia gani?"

Lévi ameacha kutafuna.