Mluzi wa Shangazi Heulwen

Hafod Las,
Wales Kaskazini,
24 Aprili 1986

Mwanangu Ithel,

Salamu kutoka mlimani. Sisi huku wazima, kondoo, mbwa na mimi, ukiondoa taya langu, ambalo limevunjika mahali pawili. Kaa chini, usiruke. Na yule uliyempigia simu Jumapili, akawa anaguna tu nawe ukamtukana ukidhani ni mwizi, alikuwa mimi. Sikujua unayajua matusi yale. Huko Rotterdam mnafundishana kupaka meli rangi au nini?

Aliyenivunja ni Diwani, yule kondoo dume anayetembea kifua mbele. Niliinama kumtazama kwato, naye akainua kichwa. Hospitalini wamenipasua, wamenitia kipande cha chuma na skrubu, kisha wakafunga meno ya juu na ya chini kwa nyaya. Kwa hiyo simu sahau, tutaandikiana. Nakula kwa mrija. Mchuzi wa kondoo na mboga ya liki nausaga kwenye blenda mpaka unakuwa uji, na ladha si mbaya ukifumba macho.

Jirani yetu Idwal anakuja kila jioni. Miaka yote hii tunafahamiana, na sasa ndiyo kwanza anapata nafasi ya kumaliza sentensi. Anafurahi mno.

Kinachonisumbua ni kimoja. Mdomo wa chini na kidevu vimekufa ganzi upande wa kushoto. Daktari anasema mshipa wa fahamu umeguswa, tungoje. Lakini unamjua mbwa wangu Nel. Ukimwita kwa maneno anakutazama kama karani wa posta saa ya kufunga. Yeye anasikia mluzi wangu tu. Mwisho wa Julai tunakusanya kondoo wa mlima mzima, na bila mluzi sina mbwa, na bila mbwa sina kondoo. Idwal ameshaniuliza, kwa adabu, kama nitamuuza Nel.

Niombee mdomo.

Shangazi yako,
Heulwen


Rotterdam,
4 Mei 1986

Shikamoo Shangazi,

Natumaini barua hii inakukuta ukiendelea vizuri. Mimi sijambo, ila nimecheka mpaka msimamizi akaniuliza kama nimevuta rangi. Nisamehe kwa matusi. Mengine nilijifunza kwako, siku ile trekta lilipokwama mtoni.

Pole sana kwa taya. Mwambie Diwani nikija ni yeye au mimi.

Habari ya mluzi, mbona rahisi? Nunua ile filimbi ya bati ya wachungaji, ya kuweka mdomoni. Hata wanaokwenda mashindano ya mbwa wa kondoo wanaitumia. Na Nel usimuuze. Idwal mbwa atampata popote. Anayetaka kuja hapo kila jioni hatafuti mbwa, Shangazi. Nimekaa kimya miaka mingi, leo nimesema.

Mwanao,
Ithel


Hafod Las,
3 Juni 1986

Mwanangu,

Marahaba, na ukome. Idwal anakuja kwa sababu chai yangu ni nzito. Je, hali yako? Unakula?

Nyaya zimetolewa! Naongea, ingawa kila "s" inatoka na mate. Tatizo dogo ni kwamba meno ya juu na ya chini hayasalimiani tena. Yanapishana kama ndugu waliogombania shamba. Na hapo kwenye kidevu pana kajipu kanavimba kidogo. Si kitu.

Filimbi ya bati nimenunua. Nikipuliza inadondoka, maana mdomo hauhisi kama umeishika au umeiachia. Mara mbili nimeiokota kwenye bakuli la Nel. Nimeitupa.

Kwa hiyo kila jioni nafanya mazoezi jikoni kwa mdomo mtupu. Wa kushoto, wa kulia, wa kusimama, wa kurudi. Mkono nao unakwenda kushoto na kulia kwa mazoea, ungeniona ungedhani naongoza kwaya. Kinachotoka ni "fsss", kama tairi lililokanyaga msumari. Nel analala chini ya meza akinitazama. Nadhani ananionea huruma, na mimi sipendi kuonewa huruma na mbwa.

Shangazi yako


Rotterdam,
1 Julai 1986

Shikamoo Shangazi,

Je, u mzima? Nimeandika mara mbili hujajibu. Nimepiga simu akapokea Idwal, saa nne asubuhi, nyumbani kwako! Nikamuuliza uko wapi, akajibu, "Yupo tu, yupo, hali ya hewa huku ni nzuri." Idwal hajui kudanganya. Kile kijipu ndicho, sivyo? Niambie ukweli. Mimi si mtoto.

Nakutumia kaseti pamoja na barua hii. Uliponifundisha miluzi yako ulisema ukifumba macho hutofautishi wangu na wako. Basi nimeingia ndani ya tangi tupu la meli nikairekodi yote, wa kushoto, wa kulia, wa kusimama, wa kurudi. Beba redio kaseti mlimani ubonyeze. Bora tu uwe mzima.

Mwanao,
Ithel


Hafod Las,
15 Julai 1986

Mwanangu Ithel,

Nimerudi nyumbani na naendelea vizuri. Kweli sasa, si kama nilivyosema mwanzo.

Kilikuwa kijipu, ndiyo. Kilijaa usaha, homa ikanipanda nikawa namwita Idwal kwa jina la marehemu baba yako. Idwal akanibeba mpaka kwenye gari. Skrubu zilikuwa zimelegea ndani. Wakanipasua tena, wakatoa kile chuma, wakasafisha, wakaweka kingine kikubwa zaidi, nikalazwa na dripu. Niliogopa, Ithel. Nilimkataza Idwal asikuambie kwa sababu ungeacha kazi ukaja, na mimi sikutaka unione vile.

Sasa sikia habari ya kaseti, ucheke.

Nilikwenda nayo malisho ya chini, juu ya kanisa. Nikabonyeza. Mluzi wako ukalia, Nel akaruka kushoto kama umeme. Nikataka kushangilia. Lakini hukuacha nafasi, mwanangu! Kabla sijakiona kitufe cha kuzima, ukapiga wa kulia, naye akaenda kulia. Nikabonyeza kitufe kikang'oka. Wa kusimama, wa kurudi, kisha ukarudia tena kushoto na kulia, nadhani ulikuwa unajipima sauti. Nel alitii kila kitu. Kondoo wote wakapita geti la kanisa, siku ya karamu yao ya chai ya kila mwaka, meza ziko nje na wanawake wamevaa kofia. Mkate wa zabibu wa Bi. Prydwen haukubaki hata punje. Mchungaji wetu akasimama juu ya benchi akalia, "Heulwen, waite kondoo wako!" Nikamjibu, "Mchungaji si wewe? Basi waite wewe!" Nikamrushia mate bila kukusudia. Ni ile "s".

Nimecheka mpaka chuma kikauma. Lakini usiku ule nilikaa nikafikiri. Daktari anasema ganzi huenda ikatoka baada ya mwaka, huenda isitoke kabisa. Nel ni mbwa wa kazi, atakufa kwa kukaa bure. Siku ya kukusanya kondoo Idwal atakuja na kamba amchukue, na kondoo nitauza kwenye mnada wa vuli. Nimeamua, usinibishie.

Shangazi yako


Rotterdam,
21 Julai 1986

Shangazi, shikamoo.

Nakubishia. Nimeomba likizo, wamenipa Septemba. Msimamizi hana ndugu, nadhani hata mbwa hana. Tafadhali usimtoe.

Ithel


Hafod Las,
2 Agosti 1986

Mwanangu mpenzi,

U hali gani? Mimi hata sijui nianzie wapi.

Idwal alikuja na kamba. Tukapanda mlimani na majirani wote. Akampigia Nel mluzi, mluzi mzuri tu, na Nel akalala chini akageuza kichwa kunitazama mimi. Akampigia tena. Hakusogea. Wakati huo kundi langu limegawanyika, nusu linakimbilia ule ukuta ulioanguka, na ng'ambo ya ukuta unajua kuna nini. Ni mwamba na hewa tupu.

Sikufikiri. Nimepiga mluzi miaka arobaini, mdomo ukajiendea wenyewe, na mkono nao ukaenda kushoto kama kule jikoni. Ikatoka ile ile, "fsss".

Nel akaruka kushoto.

Nikasema ni bahati. Nikatoa ya kusimama, "fsss-fs", akalala palepale kama amegandishwa. Ya kulia, akaenda kulia. Aliwazunguka wote, Ithel, akawaleta mpaka miguuni pangu. Miezi yote ile jikoni nilikuwa nautafuta mluzi wangu wa zamani, na yeye chini ya meza alikuwa anajifunza huu mpya. Hakuna aliyemwambia kwamba umeharibika.

Nililia mbele ya watu. Upande wa kulia niliyahisi machozi kidevuni, wa kushoto sikuhisi kitu, mpaka Idwal akanifuta akasema, "Na huku pia yapo, Heulwen." Kisha akamfungia Diwani ile kamba badala ya Nel, akamshusha bondeni.

Siuzi kondoo. Kidevu bado kimekufa ganzi, meno bado hayasalimiani, nami nina furaha kuliko nilivyostahili.

Njoo Septemba. Lakini ujue Nel hajali tena mluzi wako. Jana nilimwekea kaseti yako akapiga miayo. Itabidi ukae jikoni nikufundishe upya.

Shangazi yako akupendaye,
Heulwen