Nilimpa Mpwa Wangu Vidonge vya Mke Wangu

Mpendwa mshauri wa redio, naomba msaada, tena wa leo leo, maana nakuandikia kwa simu nikiwa karakana na redio iko juu ya friji mbovu nikusikilize. Mimi ni fundi friji, si wa kubahatisha, kuna friji niliyoitengeneza umeme ukikatika inaendelea kugandisha kwa kuniogopa, na nimewahi kufanya kazi maabara ya watafiti wa damu, sawa, zilikuwa siku mbili, lakini masikio ninayo, nikawasikia wakisema seli za kinga za wanawake hupigana kwa ukali kuliko zetu na homoni za kike zinachangia, basi tangu hapo ukoo mzima wananiita Daktari, nami naitika. Sasa mpwa wangu, binti wa marehemu dada, nimemlea mwenyewe, homa haziishi, viungo vinamuuma, hospitali wakasema shida iko kwenye kinga ya mwili, mimi nikajua imepungua, nikachukua vidonge vya mke wangu vya uzazi wa mpango, si vina homoni za kike, nikavitia kwenye kichupa cha vitamini, nikamwambia, "Meza, mama, hivi vimetoka kwa wenzangu wa maabara." Akacheka, "Mjomba, wewe na maabara yako!" lakini akameza, wiki ya tano hii. Juzi kliniki daktari akamuuliza, "Kuna dawa nyingine unatumia?" akajibu, "Vitamini tu za mjomba," daktari akanigeukia, na mimi nisiyenyamaza hata msibani nikatazama viatu. Tangu jana mguu wake wa kushoto umevimba, una moto, haukanyagiki, nimeukanda lakini wapi, haupoi. Kliniki tena ni Alhamisi. Nikisema nimeumbuka, na mke wangu atanitoa roho. Nikivitupa kimya kimya, si yataisha yenyewe?

Daktari wa Friji

Fundi, barua yako nimeisoma wimbo ukiwa hewani, na wimbo nimeukata.

Pole, naona unampenda. Lakini ulisikia kweli ukaondoka na nusu. Shida ya kinga si kupungua tu. Kuna kinga inayozidi ukali mpaka inamshambulia mwenyewe, na maradhi hayo huwapata wanawake zaidi. Ikiwa ndiyo yake, ulipeleka kuni kwenye nyumba inayoungua. Halafu baadhi ya vidonge hivyo huongeza hatari ya damu kuganda, na mguu mmoja kuvimba na kuuma hivyo si wa kungoja Alhamisi. Mimi si daktari. Wewe pia si daktari, baba, jina la utani halitibu.

Usiukande tena. Asimeze hata kimoja. Funga karakana, tafuta gari sasa hivi, mpeleke hospitali kitengo cha dharura, na akianza kuhema au kifua kumbana, piga kelele msaidiwe haraka. Usitupe kitu: beba kichupa, na pakiti yenye jina la dawa mwombe mke wako. Atakufokea. Ufokewe njiani, gari likienda.

Aibu unayoiogopa ni ya siku chache. Mguu ule ni wa binti wa dada yako. Ukifika, usianze na habari za maabara. Sema, "Mimi mjomba wake ndiye niliyempa hivi, na yeye hakujua." Kisha nyamaza, wamhudumie.