Daraja Jipya la Gitaa la Baba

Dada yangu,

Hapa tupo. Paa la karakana limeacha kuvuja, na paka wako amezaa tena ndani ya kasha la gitaa.

Uliuliza habari za gitaa la Baba. Daraja lake, kile kibao kinachoshika nyuzi, lilikuwa limebanduka, na nilipoling'oa kwa kisu cha moto likapasuka. Nilisita kati ya mpingo na rozwudi, ile mbao nyekundu inayonukia waridi ukiikata. Nikachonga la rozwudi, kama lilivyokuwa la mwanzo. Kazi safi, sijisifu.

Kumbe lile la zamani lilikuwa na kibonde upande mmoja, palipoliwa na kiganja cha Baba kwa miaka yote ya kupiga. Mimi niliona limechakaa tu. Vipande nikavitia motoni pamoja na maranda.

Jana nikampelekea kitandani. Akapapasa daraja, akakitafuta kile kibonde, akapapasa tena. Kisha akanirudishia gitaa kwa adabu, kama mtu anayerudisha mwavuli wa jirani.

"Zuri hili," akasema. "Mwenyewe akija, mpe."

Unajua nilivyofundishwa kazi na Baba. Kwake nilikuwa "wewe", siku mbaya "kichwa maji". Jana natoka, akanitazama usoni vizuri, asinijue.

"Asante, fundi," akasema.

Miaka kumi na tisa nimelingoja neno hilo. Njoo upesi, Dada, kabla hajaanza kukuheshimu na wewe.

Ni mimi mdogo wako,
Kichwa Maji