Msimnyooshe Mama Tawia

Apam, Jumatatu, 3 Juni 1991

...basi nilikuwa nakwambia habari ya ile picha, dereva wa lori la samaki akaanza kupiga honi kama amekalia moto, nikafunga bahasha haraka. Sasa naendelea. Hujambo lakini, mdogo wangu Efua? Shemeji na watoto wanakula vizuri huko Abidjan? Mimi mzima, mgongo tu, na mgongo ndio wangu siku zote.

Ile picha, mwenzangu. Mjomba Kwamena alimwita mchora mabango wa pale stendi, akamwambia amchore marehemu dada yake kwenye ubao mkubwa wa kuweka getini mpaka siku ya mazishi. Jana wameusimamisha. Uso ni wa Mama Tawia kabisa, hata kovu la kidevuni lipo. Lakini amesimama wima, na miguuni viatu vya mchuchumio. Mama Tawia huyu huyu, homa ilimkunja miguu yote miwili ana miaka mitatu, akaenda kwa mikono na makalio mpaka anakufa na sabini na nne. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Binti wa jirani akaniuliza huyu mama wa kwenye ubao ni ndugu yenu wa wapi.

Nikamfuata mchoraji. Akasema shangazi usinilaumu, mzee mwenyewe ndiye aliyetaka miguu, tena alirudi mara mbili kusema visigino viongezwe.

Leo asubuhi kicheko kimeniisha. Nimepita kwa seremala nikakuta jeneza refu, jembamba. Nikamuuliza anazikwa twiga? Akasema vipimo kapewa na Mjomba, kwa kuwa miguu itanyooshwa. Mabibi waoshaji wakishamtoa mochwari watamkandamiza mpaka alale kama watu wengine. Efua, miguu iliyojikunja miaka sabini na moja hainyooki. Hiyo wataivunja.

Nasikia wewe aliwahi kukwambia jambo kuhusu siku yake hii. Niandikie neno kwa neno nikamsomee Mjomba. Yeye ni mdogo wake wa tumbo moja, labda atasikia.

Dada yako,
Mansa


Abidjan, 11 Juni 1991

Dada Mansa, shikamoo. Sisi wazima, ila mtoto wa mwisho ana kikohozi. Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, mpaka sasa sijui nikae au nisimame.

Aliniambia mwaka ule ninaolewa, nikiwa namsuka. Alisema hivi: "Siku yangu msininyooshe. Mama yangu aliniacha duniani nimekaa. Nikimfikia nimenyooka kama mpini wa ufagio, atanijuaje?" Akacheka, halafu akanishika mkono akaniapisha. Aliyeapa ni mimi, dada, na mimi ndiye niliye mbali.

Mkumbushe Mjomba. Utotoni, nyumbani walikuwa wanamficha Mama Tawia nyuma ya matanuri wageni wakija. Huko huko nyuma ndiko alikojifunza kukausha samaki kwa moshi, maana tanuri ni fupi, wenzake wanainama mpaka kiuno kinalia, yeye yuko sawasawa na moto. Hiyo nyumba Mjomba anayoamkia kila siku imejengwa na samaki hao. Kanisani ngazi kumi na nane alizipanda mwenyewe kila Jumapili, vijana wa kwaya wakija kumbeba anawaambia yeye si gunia. Mama yetu alipofariki nina miezi minne, ni yeye aliyenifunga mgongoni akatambaa na mimi mpaka ufukweni kununua samaki.

Siwezi kuja. Karatasi zangu za kukaa huku ziko ofisini, nikivuka mpaka sirudi kwa wanangu. Dada, mdomo wako hufika Kumasi kabla ya lori. Utumie.

Mdogo wako,
Efua


Apam, 18 Juni 1991

Mdogo wangu Efua, kikohozi cha mtoto kimepungua? Mchemshie tangawizi, usimsikilize shemeji na dawa zake za chupa. Mimi nipo, silali tu.

Mdomo nimeutumia, na mdomo umeharibu.

Kwanza nilikwenda kwa adabu. Nikamsomea Mjomba maneno yako yote. Akaitazama fimbo yake. Mwisho akasema, "Mansa, maisha yake yote watu walimwangalia kwa juu, kama wanatafuta kitu kilichodondoka. Siku moja tu nataka alale kama watu, aangaliwe kama mtu." Na jicho lilikuwa na maji, sikudanganyi. Majibu saba yalinijia njiani narudi, ila njiani hakukuwa na Mjomba.

Basi nikapita sokoni. Nilimwambia mtu mmoja, Mama Esuon, tena kwa sauti ya chini. Jioni soko zima linasema Mjomba anataka kumvunja dada yake. Kesho yake wanasema ameshamvunja, kwa nyundo, na nyundo kaazima kwa mchungaji. Habari ikamfikia Mjomba, mchungaji akiwa ndani yake. Unaweza kufikiri. Amenipiga marufuku nyumbani, na mazishi yaliyokuwa ya Agosti ameyavuta mpaka Jumamosi ya tarehe 29 mwezi huu huu. Waoshaji wanaingia Ijumaa asubuhi.

Natembea tu, Efua. Naenda hadi kwa seremala narudi, naenda tena. Leo ameniuliza kama nataka kununua.

Dada yako,
Mansa


Abidjan, 23 Juni 1991

Dada, shikamoo. Mtoto amepona. Barua nimeipata leo, nampa dereva huyu huyu hii, nimemsihi asilale njiani.

Usiseme tena chochote. Unakumbuka wenye mitumbwi walipokataa kumuuzia Mama Tawia, eti kilema analeta nuksi? Hakuwatukana. Alikwenda akakaa mbele ya mtumbwi, juu ya mchanga, wakashindwa kuusukuma majini. Mpaka adhuhuri wakamuuzia. Fanya hivyo.

Mdogo wako,
Efua


Apam, Ijumaa, 28 Juni 1991, asubuhi

Efua, za huko? Watoto je? Naandika nimekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, uani kwa Mjomba. Waoshaji wamo ndani na Mama Tawia, mlango wamefunga. Naandika ili mikono iwe na kazi.

Jana tulikuja wanawake wa matanuri, thelathini na sita. Marufuku ilikuwa yangu peke yangu, nikajiweka katikati yao. Tulipofika getini wote tukakaa chini, tukaingia kwa makalio. Mama Esuon na unene wake alichelewa mpaka kuku wakampita. Mjomba yuko kwenye kiti chake na wazee wawili. Tukaletewa maji, tukanywa. Akatuuliza kama desturi, tumekuja na habari gani.

Hakuna aliyejibu.

Si unajua mgeni akishakunywa maji hafukuzwi kabla hajasema kilichomleta, na mwenye nyumba hawezi kuinuka akamwacha. Akauliza mara ya pili. Akauliza ya tatu, akasema, "Mansa, na wewe? Umekufa?" Nikang'ata ncha ya kitenge. Efua, sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile. Ulimi ulivimba. Nilikuwa na habari nyingine mbili tatu za watu, wala hazikuhusu mazishi, nazo nikazimeza.

Kenke yake ya unga wa mahindi na samaki vikaletwa, hawezi kula mbele ya wageni wasiosema habari yao. Vikapoa. Gari la kumpeleka mochwari kuweka sahihi likaja, likangoja, likazima injini. Mzee mmoja akasinzia. Jua likatuhamia sote kichwani, hakuna aliyesogea.

Mara nikaona Mjomba anashika mkono wa kiti, nikajua anaondoka, atuvunjie heshima na desturi yake. Kumbe anashuka. Magoti yakalia, mtu mmoja akacheka kwa pua. Akakaa chini kwenye vumbi na kitenge chake kizuri, akatutazama mmoja mmoja, muda mrefu. Akaomba maji ya kwake, akanywa.

Akasema, "Habari nimeipata."

Seremala aliitwa saa ile ile. Jeneza sasa ni fupi, pana, unaweza kusema sanduku la bibi harusi. Ubao wa getini amekataa kuuondoa, anasema hivyo viatu ni zawadi yake kwa dada yake. Nimemwachia.

Lakini sijatulia. Yule bibi mkubwa wa waoshaji amefika leo na uso wake, kasema miaka arobaini hajawahi kumtoa nje mtu aliyekunjika, na hapokei amri kwa mwanamume. Mjomba akaingia akazungumza naye, akatoka hakuniambia kitu. Kwanza nilisikia maji. Sasa sisikii maji. Nimeinuka mara nne, nimekaa mara nne. Mjomba naye kasimama pale kwenye nguzo, anajifanya anahesabu viti. Kama wakimgusa goti hata

Mlango umefunguliwa. Yule bibi katoa kichwa, mikono inachuruzika, ananiita mimi. Anasema niache hilo karatasi niingie niwaonyeshe alivyokuwa anakaa, mguu upi unaingia chini. Ni wa kushoto, Efua. Naenda