Kisu Nilichompa Mama

Nyumba za Reli,
Voi.
19 Agosti 1956

Mpendwa Dada Phoebe,

Leo nisamehe, naanza kabla ya salamu. Kile kisu nilichokupa wakati wa Pasaka, kiweke chini. Usikikatie hata kitunguu. Haya, sasa hujambo? Shemeji Samuel na watoto hawajambo? Huku sisi ni wazima, ila Mama.

Najua alikuandikia kwamba jicho lake lilichomwa na mwiba akitafuta kuni. Si mwiba, Dada. Ni kisu changu.

Unanijua kwa kujisifu. Kila nikipata nafasi nilikuwa kwa Mzee Kituku, yule Mkamba anayefua vyuma nyuma ya stesheni. Nilimwona akitia chuma motoni hadi kiwe chekundu, akikipiga nyundo, kisha akikichovya majini, chwaa! Hapo honi ya saa nane inalia, nami nakimbilia kazini. Siku zote niliondoka hapo hapo. Nikadhani kazi imekwisha.

Basi nikapata springi ya lori iliyovunjika, nikafua visu viwili juu ya kipande cha reli, nikavichovya. Nilipojaribu kuvipiga tupa, tupa ikateleza tu bila kukwaruza, kwa ugumu wa chuma. Nikasema, loo, leo mimi ni fundi! Cha kwanza nikampelekea Mama kule Mbololo, maana kwetu kitu cha kwanza cha mkono wa mtu ni cha mama yake. Cha pili ndicho hicho chako.

Jumapili moja mwezi uliopita Mama alikuwa akipasua mfupa wa mbuzi. Kisu kikavunjika kama kigae, kipande kikamrukia jicho la kushoto. Daktari amesema halitaona tena. Ole wangu, Dada!

Nilimpelekea Mzee Kituku kile kipande. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alisema tu, "Kikitoka majini hurudishwa motoni, moto wa pole pole, kipungue wepesi wa kuvunjika. Hukuona?" Sikuona. Nilikuwa nimekwenda zangu.

Mama hataki mtu ajue. Hata kanisani anasema ni mwiba. Tena lile baki, mpini na chuma cha vidole viwili, bado analikatia mboga, nacho ni chuma kile kile chepesi kuvunjika. Nikimwomba anipe analificha ndani ya kanga. "Hiki nilipewa na mwanangu," anasema. Mimi sina uso wa kumnyang'anya.

Njoo, Dada, hata kwa siku moja. Wewe ukimwomba labda atakupa. Jicho limebaki moja.

Nisalimie Shemeji, na Elsie na mdogo wake. Mungu awalindie mikono na macho.

Ni mimi mdogo wako akupendaye, niliyemkosea mama yetu,

Timotheo